Pima Kilo Kwanza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mbwa Mdogo Chotara

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu mbwa wa namna moja: mdogo, wa kilo 4 hadi 8, manyoya mengi, mama yake spitzi au teria na baba hajulikani. Mombasa amependwa kwa sababu nyumba ya kupanga inamtosha na hali chakula kingi. Lakini barua zenyewe zinaonyesha kosa moja linalojirudia kutoka Likoni hadi Bamburi. Dawa na chakula vinakadiriwa kwa macho. Mwili mdogo hauna akiba. Kipimo kilichozidi kidogo, ambacho mbwa wa kilo 35 hakihisi, kinaweza kumlaza huyu wa kilo 5.

Kwa hiyo kabla ya kusoma jibu lolote hapa, mpime mbwa wako. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, soma; mshushe, panda peke yako, soma; toa. Kama nyumbani hakuna mizani, mtie kwenye kapu na umwombe muuza nafaka amning'inize kwenye mizani yake, kisha pima kapu tupu, utoe. Andika kilo na tarehe. Mtoto wa mbwa hupimwa kila wiki, mkubwa kila mwezi.

Nimeletewa mtoto wa mbwa chotara, aliyenipa anasema ana wiki nane. Nimempima, kilo 1.4. Ameshachomwa "sindano moja" lakini kadi hakuna. Naishi ghorofa ya tatu, na mbwa hatatoka nje. Nianzie wapi, na kweli anahitaji chanjo ya kichaa? (Msomaji wa Tudor)

Sindano isiyo na kadi ihesabu kuwa haikuchomwa, uanze upya. Kurudia hakumdhuru. Chanjo ya mchanganyiko, yaani ya distempa, parvo (virusi vya kutapika na kuharisha), homa ya ini ya mbwa na mara nyingi leptospira, huanza kati ya wiki 6 na 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16. Wengi huchoma mbili wakaacha, na hapo ndipo parvo inapowapata. Maziwa ya kwanza ya mama humpa mtoto kinga, na kinga hiyo hiyo huizima chanjo. Hupungua polepole, na kwa kumtazama huwezi kujua imeisha siku gani. Ndiyo maana sindano ya wiki 16 ndiyo isiyoweza kurukwa.

Usinunue kichupa cha chanjo dukani ukaja nacho mkobani ndani ya matatu. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikishapigwa na joto la mchana imekufa, na rangi yake haibadiliki ikakuonya. Mpeleke mtoto kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, amchome mwenyewe na abandike kibandiko cha kichupa kwenye kadi.

Kichaa: ndiyo, hata kwa mbwa wa ghorofani. Ngazi ina mlango, paka wa mtaa hupita, na siku moja atachoropoka. Huchomwa akifika miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa kawaida kila mwaka. Mpango wa Kenya wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ulianza 2014, lengo lake ni 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa. Ukiumwa na mbwa yeyote, awe wako au wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majivu wala pilipili, na usingoje kuona mbwa ataugua au la.

Minyoo haingoji chanjo. Watoto wengi huzaliwa nayo tayari au huinyonya kwenye maziwa, kwa hiyo dawa hutolewa wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3. Kipimo ni kwa kilo za siku hiyo. Mtoto huyu wiki mbili zijazo atakuwa na uzito mwingine, mpime tena.

Jambo ambalo hukuliuliza ni sukari ya damu kushuka. Mtoto wa kilo 1.4 hana mafuta ya kumvusha usiku mrefu bila chakula. Mpe milo 4 kwa siku hadi miezi 3, milo 3 hadi miezi 6, kisha 2. Ukimkuta anatetemeka, anayumba au amelegea, mpake asali au sukari iliyokorogwa kwa maji kidogo kwenye ufizi, nusu kijiko cha chai inatosha, kisha mfunike na umkimbize kwa daktari. Kama hajitambui usimmiminie kitu kooni, kitaingia mapafuni.

Mpaka wiki mbili baada ya sindano ya mwisho, asikanyage chini mahali wanapopita mbwa wengine, maana virusi vya parvo hukaa mwaka mzima kwenye udongo wa kivulini. Sakafu iliyochafuliwa na mbwa mgonjwa ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha ipakwe Jik, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, ikae dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Lakini usimfungie ndani kama mfungwa. Wiki ya 3 hadi ya 14 ndio umri wa kuizoea dunia. Mbebe mikononi umshushe ngazi asikie tuktuk na bodaboda, aone mwavuli, buibui, kofia ya pikipiki, watoto wa shule. Asiyeviona sasa atavibwekea maisha yake yote.

Kupe wamenishinda. Namwogesha mbwa kila Jumamosi kwa dawa ya ng'ombe, Jumatano wamerudi. Sasa wanapanda ukutani mpaka darini. Mbwa ana kilo 5, na tangu juzi amekataa kula. Nifanyeje? (Msomaji wa Kisauni)

Tuanze na mwisho wa barua yako, kwa sababu ndio wa haraka. Mbwa mwenye kupe akikataa kula, kwa mji huu, chukulia ni homa ya kupe mpaka damu yake iseme vinginevyo. Mfunue mdomo. Ufizi wa mbwa mzima una rangi ya waridi. Ukiubonyeza kwa kidole hugeuka mweupe na rangi hurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi uliofifia, madoa mekundu tumboni kama ya kuchomwa sindano, damu puani, mkojo wa rangi ya strungi, au joto la nyuzi 39.5 na zaidi kwa kipima joto cha njia ya haja kubwa: lolote kati ya hayo ni safari ya leo, si ya kesho.

Ukifika, omba damu ipimwe kabla ya dawa. Kupe wa mbwa huleta erlikia na babesia, na dalili zake hufanana, lakini dawa ni mbalimbali. Erlikia hutibiwa kwa doksisaikilini kwa siku 28. Babesia huhitaji sindano ya dawa nyingine kabisa. Mbwa wa erlikia huanza kula siku ya tatu au ya nne, mwenye mbwa akaona amepona, vidonge vikabaki kabatini. Miezi michache baadaye ugonjwa hurudi ukiwa umeingia kwenye uboho wa mifupa, na hapo matibabu ni magumu sana. Maliza siku 28. Kila kidonge kipewe pamoja na chakula na maji, maana kikikwama kooni huunguza. Na usimpe panadol, diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya homa. Kidonge kimoja cha binadamu kwa mbwa wa kilo 5 ni sumu ya tumbo, ini au figo.

Sasa kwa nini wanarudi Jumatano. Kupe huyu wa kahawia si kama wa ng'ombe. Anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba. Hunyonya kwenye mbwa mara tatu katika maisha yake, akiwa mdogo kama ufuta, akiwa wa kati, na akiwa mkubwa. Kila akishiba huanguka, huingia kwenye ufa, hujivua ngozi, kisha hurudi kutafuta mbwa. Jike aliyevimba kama punje ya maharage hupanda juu, huingia kwenye nyufa za ukuta wa mawe, nyuma ya fremu, kwenye boriti na makuti, akataga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa unaua waliopo juu yake tu. Wengi wako ukutani, na wana uwezo wa kukaa miezi bila kula.

Hiyo ndiyo sababu ya kumgeuza mbwa wako awe mtego. Mpe dawa inayokaa mwilini au kwenye ngozi yake, ili kila kupe anayepanda afe kabla hajataga, na usikatize kwa muda usiopungua miezi 3. Kuna vidonge vya kutafuna vya mwezi mmoja na vya miezi mitatu, na kuna matone ya fipronili ya shingoni. Vyote huuzwa kwa vifungu vya kilo, soma kifungu chako. Usinunue kidonge cha mbwa mkubwa ukakikata vipande ili uokoe pesa. Kipande kimoja kinaweza kuwa na dawa nyingi na kingine kidogo. Mbwa mwenye historia ya kifafa, mwambie daktari kabla ya kidonge cha aina hii.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe iache. Nyingi ya hizo ni amitrazi, na maelekezo ya kibandiko yameandikwa kwa ajili ya ng'ombe. Ikizidi, mbwa hulala fofofo, moyo hupungua mapigo na mwili hupoa. Watoto chini ya miezi 4 na wenye damu ya Chihuahua huathirika kwa urahisi zaidi, na chotara huwezi kujua ana damu gani. Tahadhari nyingine ni ya paka, na Mombasa hakuna nyumba isiyo na paka wa kupita: matone na poda za mbwa zenye permethrini humuua paka, hata kwa kulala tu karibu na mbwa aliyepakwa. Soma jina la dawa kwenye kisanduku.

Kila jioni mpitishie vidole mwili mzima: ndani ya masikio, chini ya ukosi, kwapani, kwenye kinena, chini ya mkia na katikati ya vidole vya miguu. Kupe ang'olewe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kukamua tumbo lake. Mafuta ya taa na kiberiti cha moto ni desturi mbaya: kupe akibanwa hutapika ndani ya jeraha, na ndipo vijidudu huingia. Mtie kwenye kikopo cha spiriti. Usimpasue kwa kucha.

Nyumba nayo ina zamu yake. Ziba nyufa kwa simenti au chokaa, sogeza kitanda cha mbwa mbali na ukuta, chemsha shuka lake kila wiki na ulianike juani, fagia pembe za dari na uzimwage taka kwenye ndoo ya maji moto yenye sabuni. Ukipulizia dawa ya ukutani, lenga nyufa, toa mbwa, paka na watoto nje mpaka pakauke, kisha rudia baada ya wiki 2 hadi 3 maana mayai hayafi kwa mara ya kwanza.

Mbwa wangu ana manyoya marefu, kilo 7. Kaskazi ikianza anahema mchana kutwa. Nimnyoe kabisa? Na nimwogeshe mara ngapi? (Msomaji wa Nyali)

Usimnyoe hadi ngozi. Wenye damu ya spitzi wana manyoya ya tabaka mbili: ya juu huzuia jua, ya chini laini kama pamba. Ukinyoa yote, ngozi huungua na ya chini huota kwanza, ikasokotana na kuzuia hewa kuliko mwanzo. Cha kutoa ni hiyo pamba ya chini. Tumia kitana cha meno marefu ya chuma mara mbili kwa wiki, ukigawa manyoya kwa mkono mpaka uone ngozi. Tumboni na kinenani punguza kwa mkasi, ili akilala kwenye sakafu ya vigae baridi imfikie.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Hujipoza kwa kuhema, unyevu wa ulimi ukivukizwa. Pwani, hewa yenyewe imejaa unyevu, kwa hiyo kuhema hakufanyi kazi vizuri kama kunavyofanya bara. Nyuzi 32 za Mombasa ni hatari kuliko nyuzi 32 za mahali pakavu. Matembezi yawe kabla ya saa moja asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni. Weka kiganja kinyumenyume juu ya lami; kama huwezi kukiacha sekunde 7, nyayo zake haziwezi pia. Asifungwe chini ya mabati, wala kwenye roshani inayopigwa na jua la mchana, wala kuachwa garini hata dakika tano.

Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Akihema kwa sauti ya kukwaruza, ulimi ukawa mwekundu wa damu, mate yakawa mazito, akayumba, huyo amepatwa na kiharusi cha joto. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na kinenani, mwelekeze feni, mpe maji anywe kidogo kidogo akitaka mwenyewe. Usimfunike kwa taulo lililolowa, huzuia joto kutoka. Usitumie barafu. Ikifika 39.5 acha kummwagia, kisha mpeleke kwa daktari hata kama amesimama, kwa sababu figo na damu huharibika saa kadhaa baadaye.

Kuoga, kila wiki 3 hadi 4 kunatosha. Sabuni ya vyombo na ya kufulia humkausha, na shampuu ya binadamu haiendani na ngozi yake. Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, muogeshe kwayo ukipenda, lakini suuza ya mwisho iwe lita 5 za maji matamu. Chumvi inayobaki humwasha na mwenyewe unadhani ni viroboto. Mkaushe mpaka kwenye ngozi, kwa taulo kisha feni. Manyoya mazito yanayobaki na unyevu siku nzima huzaa kidonda chekundu kinachonuka na kuenea kwa saa chache. Futa masikio kwa pamba sehemu unazoziona tu. Sikio lenye harufu kama ya chachu na uchafu wa kahawia ni ukungu, na linahitaji dawa.

Tunampa ugali na dagaa, mabaki ya pilau siku za wikendi. Ni mnene lakini manyoya yanakatika. Ana kilo 8, daktari anasema awe 6. (Msomaji wa Changamwe)

Mbwa wa kilo 6 aliyehasiwa na mwenye matembezi ya kawaida huhitaji kalori kama 400 kwa siku. Ugali hujaza tumbo, ukampa kalori zote hizo na protini kidogo tu, ndiyo maana ananenepa huku manyoya yanakatika.

Chungu cha siku moja kwa mbwa wa kilo 6 kinaweza kuwa hivi: wali gramu 120, kuku asiye na mifupa wala ngozi gramu 110 baada ya kuchemshwa, boga au karoti gramu 50, mafuta ya kupikia kijiko cha chai 1, na ganda la yai lililooshwa, likakaushwa na kusagwa laini kama unga, robo kijiko cha chai. Hilo la mwisho watu hulipuuza, ilhali nyama haina kalsiamu ya kutosha na mwili utaichota mifupani. Ini la ng'ombe gramu 60 hadi 70 kwa wiki nzima, usizidishe. Gawa milo 2. Chumvi usitie. Hata hivyo chungu hiki pekee hakina zinki, iodini na vitamini E za kutosha kwa miaka, kwa hivyo ama mlo mmoja wa siku uwe chakula kamili cha dukani, ama daktari akuandikie poda ya madini. Kwa kuwa wako anapaswa kupungua, anza na kipimo hiki, umpime kila wiki. Gramu 80 hadi 150 kwa wiki ndiyo mwendo mzuri. Mbavu zake zinafaa kuhisika chini ya kidole kama unavyohisi mifupa ya nyuma ya kiganja chako.

Dagaa si mbaya, ila wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweke nusu saa, mwaga maji, wachemshe tena. Unga wa mahindi nao una neno zito. Mahindi yaliyopata unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika kwa urahisi. Kupika hakuiondoi. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya kwa mahindi ya watu ni sehemu 10 kwa bilioni, na "unga wa mbwa" unaouzwa rahisi mara nyingi ni ule uliokataliwa na watu. Usiununue. Macho na ufizi vikigeuka njano, ini limeguswa.

Pilau ikome kabisa. Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu, na gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mbwa zinatosha kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 6 hiyo ni kama gramu 90, kitunguu kimoja tu. Thomu ni wa ukoo huo huo. Zabibu kavu za biriani huua figo. Kwenye orodha hiyo ya marufuku tia pia chokoleti, makadamia, na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli. Kisha vitu vya kukwama: mifupa ya kuku iliyopikwa, kokwa ya embe, na vijiti vya mishikaki, ambavyo mbwa humeza kizima kwa sababu ya harufu ya nyama na vikatoboa utumbo.

Jengo letu majirani wengi ni Waislamu na sisi tumehamia na mbwa mdogo. Hakuna aliyetugombeza, lakini naona watu wanajibana ukutani kwenye ngazi. Tufanye nini tusiwaudhi? (Msomaji wa Majengo)

Ni swali jema, na jibu lake ni la vitendo. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mbwa ni najisi. Mate yake, au mwili wake kukiwa na majimaji, vikigusa nguo au chombo, huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Mtu anayeshuka kwenda msikitini akilambwa kwenye ngazi hana budi kurudi nyumbani. Kujibana ukutani si chuki kwa mbwa wako.

Kwa kilo zake, mbebe ngazini, kwenye kapu lenye kifuniko, hasa akitoka kuoga au mvua ikinyesha. Kuna mtu ngazini? Ngoja apite kwanza. Chini, kamba iwe fupi, mita 1 na kidogo. Usipange kumtoa karibu na nyakati za swala, na mwezi wa Ramadhani uepuke ile nusu saa ya kabla ya magharibi, watu wakipita na sinia za futari. Bakuli, beseni na kitambaa chake viwe vyake na vioshwe ndani kwenu, kamwe si kwenye bomba la jengo. Choo chake okota kwa mfuko, funga, tupa. Mkojo ngazini osha papo hapo kwa maji mengi. Watoto wa majirani watataka kumshika. Waambie wakaulize kwao kwanza. Na ikitokea amemgusa mtu, omba radhi, uliza kama mnaweza kusaidia kuosha, usianze kueleza kuwa ni msafi na ana chanjo.

Mbwa wengi huitikia adhana kwa kulia kwa sauti ndefu. Ni sauti ndefu inayomwamsha, kama king'ora. Usimpige. Dakika chache kabla, mwingize chumba cha ndani, funga dirisha la upande wa spika, washa feni, mpe kitu cha kutafuna. Ukikazana wiki tatu, mara tano kila siku, wengi huzoea kuingia wenyewe.

Tunampeleka ufuoni Jumapili. Kuna hatari gani? (Msomaji wa Bamburi)

Kubwa kuliko zote ni bunju, yule samaki anayejivimbisha, aliyetupwa na maji. Sumu yake iko kwenye ini, mayai na ngozi, haina dawa ya kuizima, na kipande kidogo kinamtosha mbwa wa kilo 5. Hutokwa mate, hutapika, miguu ya nyuma hulegea, kisha pumzi hukatika. Ukimwona amemtafuna usingoje dalili, mkimbize. Mfunge kamba ufuoni, hasa maji yakiwa yamekupwa na takataka za bahari ziko wazi.

Beba maji matamu nusu lita. Mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari, akaharisha, na akizidisha chumvi humpanda kichwani hadi degedege. Mchanga mkavu wa juu, wanapolala mbwa wa mtaa, una viluwiluwi vya minyoo ya safura ambavyo hupenya nyayo zake na za watoto wenu pia, vikiacha mstari mwekundu unaowasha na kutambaa chini ya ngozi. Mcheze kwenye mchanga unaolowa na mawimbi. Mkirudi, msuuze na mkague katikati ya vidole kama kuna tekenya.

Akifurahi hukohoa kwa sauti kama ya bata. Ukosi nimeulegeza lakini bado. (Msomaji wa Mikindani)

Koromeo la hewa la mbwa wadogo lina pete laini ambazo kwa baadhi yao hulegea na kubonyea. Vua ukosi kabisa wakati wa kutembea, tumia mkanda wa kifuani unaopita nyuma ya miguu ya mbele, na mpunguze uzito kama amezidi, kwa kuwa hata nusu kilo huonekana kwenye pumzi. Ulimi ukiwa wa buluu, ni dharura. Kikohozi kikali kilichoanza ghafla baada ya kukutana na mbwa wengine ni jambo jingine, la kuambukiza, na mtenge. Ukimfungua mdomo, tazama na meno: mbwa wadogo hujaza ugaga mapema. Piga mswaki laini kila siku kwa dawa ya meno ya mbwa, si ya kwenu.

Jike wangu wa kilo 5 amepandwa na mbwa mkubwa wa jirani wiki iliyopita. Nimeambiwa kuna sindano ya uzazi wa mpango ya wanawake, ni kweli? (Msomaji wa Likoni)

Usimchome sindano hiyo. Homoni zake hufungua njia ya usaha kwenye mji wa mimba, ugonjwa unaoua, na hutokea wiki 4 hadi 8 baada ya joto, yaani siku za jike kutaka dume, hata bila sindano yoyote. Kiu nyingi, tumbo kuvimba, majimaji ya kunuka nyuma: mpeleke usiku huo huo.

Njia iliyo salama kwake ni daktari kumfunga uzazi kwa upasuaji sasa, mimba ikiwa changa, na suala la joto linaisha hapo. Kama umeamua kumwacha azae, apigwe picha ya eksirei siku ya 55 hivi ili watoto wahesabiwe na vichwa vyao vilinganishwe na nyonga yake. Mimba huchukua takriban siku 63. Kuanzia siku ya 57 mpime joto asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.3, uchungu uko ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto, au zikipita saa 2 kati ya mtoto na mtoto wakati bado wamo, au yakitoka majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, anahitaji daktari mara moja, na huenda akapasuliwa. Kwa anayekaa Likoni, hilo lina maana ya kumpata mapema daktari wa upande huo huo, au kuvuka siku mbili kabla na kukaa kisiwani, kwa sababu foleni ya feri saa nane usiku haipungui kwa ajili ya mbwa anayejifungua.